Chora Chungwa, Usichore Sahani

Haya ni mazungumzo na vijana wa Tibirinzi, Chake Chake, kisiwani Pemba. Anayezungumza ni mwalimu wa kuchora, mzaliwa wa hapo hapo Tibirinzi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Msomaji, na wewe umo. Tafuta penseli, karatasi na chungwa moja, kisha kaa pamoja nasi.

Assalaam alaykum, vijana. Na wewe unayesoma, karibu mkekani.

Leo sianzi na maradhi, naanza na chungwa. Hili hapa. Nimelinunua asubuhi, na tukimaliza kazi tutalimenya tulile. Kazi yenyewe ni moja tu: kulichora kwenye karatasi mpaka mtu akiiona karatasi atamani kunyoosha mkono alishike. Rangi hatutumii. Rula hatutumii. Bikari ya hesabu iache mkobani. Penseli na karatasi, basi.

Najua mnajiuliza: gazeti la afya na chungwa la kuchora, wapi na wapi? Subirini. Chungwa kama hili ndilo lililoniambia, nikiwa na miaka 14, kwamba mimi si mjinga. Tutafika huko. Kwanza tuchore, kwa sababu usipochora hutaelewa lilivyoniambia.

Penseli yako haina risasi

Wazee wetu huiita kalamu ya risasi. Je, wajua kwamba ndani yake hamna risasi hata chembe? Risasi ni madini yenye sumu, na huudhuru ubongo wa mtoto. Kile cheusi kilichomo ndani ya penseli ni grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha ikachomwa. Njia hiyo aliivumbua Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795. Watu wa kale walipoiona grafiti walidhani ni aina ya risasi, na jina likaganda mpaka leo.

Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na huandika hafifu. Hizo zina herufi H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Hizo zina herufi B. Ya skuli kwa kawaida ni HB, iko katikati, na kwa kazi ya leo inatosha. Ukiipata na 2B, utapata weusi mzuri zaidi. Lakini usiitafune! Sumu haina, ila hujui imepita mikono mingapi.

Hatua ya kwanza: duara

Watu wengi hutaka kuchora duara kwa mzunguko mmoja wa haraka. Hutoka yai, au kiazi. Fanya hivi:

Chora mraba kwa mistari hafifu sana, kama unaupapasa ukaratasi. Weka nukta katikati ya kila upande. Sasa unganisha nukta hizo kwa mistari ya kupinda, pole pole, bila kukandamiza. Usitumie vidole tu, tembeza mkono wote kuanzia begani. Ukimaliza, igeuze karatasi juu chini. Hapo kasoro utaiona mara moja: pale pamebonyea, pale pamevimba. Rekebisha, kisha futa mraba.

Haya, umepata nini? Usiniambie chungwa. Umepata sahani. Umepata kifuniko cha sufuria. Duara lenyewe halina tumbo wala mgongo. Kwenye hesabu mmefundishwa kwamba umbo kama la chungwa au mpira huitwa tufe. Duara ni kitu kimoja, tufe ni kitu kingine. Kinachoyatofautisha kwenye karatasi ni kimoja tu: jinsi mwanga unavyopungua kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya pili: taa moja

Liweke chungwa juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha moja. Mengine yafunge. Ikiwa ni usiku, tumia taa moja, mshumaa, au tochi ya simu, lakini iwe ubavuni mwa chungwa na juu kidogo, isiwe mbele yake. Taa mbili huleta vivuli viwili vinavyogombana, na wewe mwanafunzi utachanganyikiwa.

Kwa nini ubavuni? Utazame mwezi. Mwezi ni tufe, sote twajua. Lakini usiku wa mwezi mpevu, uso wake wote umemulikwa, hauonekani kama mpira. Waonekana kama sinia jeupe limetundikwa. Sababu moja ni kwamba jua wakati ule liko nyuma yetu, linaupiga mwezi usoni, na vivuli hatuvioni. Ungoje ufike nusu, mwanga uje kutoka ubavuni, ndipo utaona kwamba kitu kile kina tumbo. Ndiyo maana picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa simu yenyewe humfanya mtu awe na uso bapa kama chapati.

Hatua ya tatu: sehemu tano

Sasa usichore. Tazama. Tazama dakika mbili nzima bila kugusa penseli. Wachoraji hufinya macho kidogo wakati huu, ili mambo madogo madogo yapotee na wabaki na mwanga na giza tu. Finya na wewe. Utaona sehemu tano:

1. Mng'ao. Ni doa dogo linalometa, upande wa taa. Hapo usiguse kabisa. Weupe wake ni weupe wa karatasi.

2. Upande wa mwanga. Unauzunguka mng'ao. Uchore kwa mistari hafifu sana, inayopinda kufuata mwili wa chungwa.

3. Kivuli cha mwilini. Ni giza lililo kwenye chungwa lenyewe, upande ulioipa taa mgongo. Hapa wengi hukosea. Hudhani giza kubwa zaidi liko ukingoni kabisa. Haliko ukingoni! Liko ndani kidogo, kama mkanda uliopinda.

4. Mwanga wa kurudi. Kati ya ule mkanda wa giza na ukingo, kuna mwanga mdogo. Umetoka wapi? Umetoka chini. Taa imeipiga karatasi nyeupe, karatasi imeurudisha mwanga, nao umeligusa chungwa kwa chini. Hamniamini? Ondoeni karatasi nyeupe, muweke kipande cha buibui jeusi. Mmeona? Umepotea. Urudisheni ukaratasi, na mwanga warudi. Huu ndio unaolifanya chungwa lizunguke. Ukiusahau, chungwa lako litakuwa kama limekatwa kwa kisu nyuma.

5. Kivuli cha kuanguka. Ni kile kinacholala juu ya karatasi. Karibu na chungwa ni cheusi na kingo zake ni kali. Kadiri kinavyokwenda mbali ndivyo kinavyofifia na kulainika. Na pale hasa chungwa linapogusa karatasi pana ufa mwembamba wa giza kuliko kote. Uweke vizuri, la sivyo chungwa lako litaelea hewani kama pulizo la Sikukuu.

Kabla ya kuanza, chora visanduku vitano pembeni ya karatasi. Cha kwanza kiache cheupe, cha mwisho kifanye cheusi uwezavyo, na vitatu vya kati vipande ngazi. Hiyo ndiyo mizani yako. Kisha ingia kwenye chungwa. Usikandamize. Paka tabaka moja hafifu, juu yake lingine, juu yake lingine, ukizidisha pale tu panapotaka giza. Usisugue kwa kidole, jasho huleta uchafu usiofutika. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja. Mwisho kabisa, ufute ule mstari wa duara. Tazameni chungwa lenyewe: nani ameona mstari mweusi umelizunguka? Hakuna. Chungwa huishia pale ambapo rangi yake hukutana na rangi ya kitu kilicho nyuma yake.

Itakuchukua saa nzima. Usione haya. Na mchoro wa kwanza ukiwa mbaya, usiuchane. Uandike tarehe, uufiche, kesho uchore mwingine.

Sisemi kwamba kila mchoro lazima uwe na vivuli. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa, bapa, bila kuhangaika na mwanga wa kurudi, na jina lake likavuka bahari. Huo ni uchoraji wa aina yake na una uzuri wake. Lakini leo tunajifunza kutazama, na kwa kutazama hakuna mwalimu kama chungwa.

Mwezi mmoja, watu wawili

Sasa nawapa kisa cha zamani, kinachoonyesha kwamba kutazama nako hufundishwa.

Mwaka 1609 darubini ilikuwa kitu kipya duniani. Mwezi wa Julai mwaka huo, Mwingereza mmoja aitwaye Thomas Harriot aliuelekeza mwezi darubini yake, akauchora. Mchoro wake upo hadi leo. Ameuchora mstari unaogawa giza na mwanga, umeparuza paruza, na madoa kidogo. Basi. Hakueleza ameona nini.

Miezi michache baadaye, Galileo Galilei, Mtaliano, naye akautazama mwezi ule ule. Galileo alikuwa mtu anayejua kuchora, na alijua kivuli humaanisha nini. Kwenye ule mstari wa giza na mwanga aliona vidoa vyeupe vimetangulia upande wa giza. Akasema: hivi ni vilele vya milima! Jua limevifikia vilele, mabonde bado. Sisi wa Pemba hatuhitaji kuelezwa sana hapo, maana kisiwa chetu kizima ni vilima na mabonde. Alfajiri jua huipiga kwanza mikarafuu ya juu, na kule chini kwenye bonde la mpunga bado kuna kiza. Galileo aliyatangaza hayo katika kitabu mwaka 1610. Harriot alipoyapata, akautazama mwezi tena, na mara hii naye akachora mashimo na milima.

Mwezi haukubadilika. Wako wanahistoria wanaosema kwamba Galileo aliiona ile milima kwa sababu mkono wake ulikwisha zoea kuchora vivuli. Jicho huleta mwanga, kichwa ndicho kinachosema mwanga huo ni kitu gani. Kichwa kisichofundishwa kitaiona milima na kusema ni madoa.

Lakini lipo na la upande wa pili. Je, ikiwa kichwa ni kizima, na jicho ndilo halileti kitu?

Chungwa langu

Mimi nilikuwa mstari wa nyuma. Darasani tulikuwa wengi, na mimi nilikuwa mrefu, kwa hiyo nilipelekwa nyuma tangu nikiwa mdogo. Ubaoni palikuwa na weupe weupe wa chaki, na nilidhani kila mtu anauona hivyo hivyo. Nilidhani wenzangu wana akili ya kubahatisha maneno na mimi sina. Nilinakili kwa jirani yangu. Akinikatalia, daftari langu linabaki tupu. Nilichapwa kwa uvivu. Nikaitwa kichwa kizito. Mkiambiwa neno kila siku, mwisho mnalikubali. Mimi nililikubali.

Siku moja mwalimu wa kuchora aliweka chungwa juu ya meza kule mbele, akatuambia tulichore. Nilichora duara zuri sana, maana mkono ninao. Ndani ya duara sikuweka kitu. Alipopita nyuma yangu akasimama.

"Kivuli kiko wapi?"

Nikasema, "Sijakiona, Maalim."

Nilitega mgongo ningoje kiboko. Hakunipiga. Alikwenda mbele, akalichukua lile chungwa, akaja akaliweka juu ya dawati langu, karibu na daftari.

"Chora tena."

Nikachora. Nikachora mng'ao, nikachora vidoti vya ganda, nikachora kikonyo, na kivuli kilicholala juu ya dawati. Alizishika karatasi zile mbili, moja mkono huu na moja mkono huu, akazitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ya skuli hakuna aliyewahi kuniuliza:

"Mwanangu, ubaoni pameandikwa nini?"

Nilinyamaza. Nikaanza kulia, na sikujua nalia nini.

Mnaelewa kilichotokea? Chungwa la mbele sikuliona, nililijua. Nilijua chungwa ni la mviringo, nikauchora mviringo. Kichwa changu kilikuwa kimeziba pengo lililoachwa na macho, na kwa sababu kiliziba vizuri, mimi mwenyewe sikujua kama kuna pengo. Mtu asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Anajuaje? Hajapata kuona kwa macho ya mwingine.

Nilipimwa, nikapata miwani. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alisema, "Msichana na macho manne, nani atamposa?" Basi nikawa naificha kwenye mkoba, naivaa darasani tu, nikitoka naivua. Karibu miezi miwili nikavuka barabara nikisikiliza gari kwa masikio. Ujinga ule usiurudie wewe. Na bibi alikosea: niliposwa, na aliyenioa alinikuta na miwani yangu usoni.

Jicho hufanyaje kazi?

Zamani wako wenye elimu waliodhani jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa, Kitab al-Manazir, akaeleza kwamba ni kinyume chake: mwanga ndio unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni.

Ukiingia, mwanga huo unatakiwa ukusanyike sawasawa juu ya utando ulio nyuma ya jicho, uitwao retina. Kwa asiyeona mbali, mara nyingi jicho lenyewe ni refu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali hukusanyika kabla ya kufika kwenye retina, na inapofika imekwisha tawanyika. Kitu cha karibu hakina taabu. Ndiyo maana mtoto huyo husoma kitabu vizuri na ubao ukamshinda. Kioo cha miwani huusukuma ule mkusanyiko urudi mahali pake. Hakuna uchawi, hakuna laana, hakuna husuda ya mtu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa au ulikuwa bado haujashughulikiwa. Wengi wa hao hawataki operesheni. Wanataka miwani tu.

Kaka yangu

La mwisho ndilo zito kwangu.

Nina kaka. Ananizidi miaka minne. Naye alikaa nyuma, naye aliitwa kichwa kizito. Kwake yeye hakuna aliyeleta chungwa. Aliacha skuli darasa la sita, akaenda kwenye karafuu. Usiku, watu wakikaa kuchambua karafuu na makonyo, hakuna aliyemshinda kwa kasi. Karibu anaona kama mwewe. Lakini mchana alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka: kila mkarafuu aliupanda mpaka juu ili ajue kama karafuu zake ziko tayari. Walimwita mpenda kupanda. Na mkarafuu, mnajua wenyewe, matawi yake hayasamehe. Ameanguka mara mbili.

Msimu mmoja nilimfuata shambani. Tumesimama chini ya mkarafuu, nikamwambia kwa mzaha, "Kaka, hebu jaribu miwani yangu." Akaivaa. Akatazama juu. Alinyamaza mpaka nikaogopa.

"Kumbe karafuu huonekana mtu yuko chini?"

"Ndiyo, kaka."

"Nyote mnaziona?"

"Sote."

Akaivua, akanirudishia, akapanda mti. Hakusema neno jingine mpaka magharibi.

Alipimwa baada ya wiki mbili. Sasa ana yake, maana miwani ya mtu si dawa ya mwingine, kila jicho na kipimo chake. Lakini alikuwa amekwisha pita miaka 30. Miti aliipata. Skuli hakuipata tena.

Fanya hivi

Sasa chukua karatasi ya pili. Liweke chungwa lako hatua sita kutoka ulipo, kwa taa ile ile, ulichore tena. Litakuwa dogo, sawa. Lakini je, kivuli unakiona? Ukingo wake ni mkali au umechafuka kama ukungu? Linganisha na mchoro wa kwanza. Kisha mpe mdogo wako afanye hivyo hivyo.

Kumbuka, hiki si kipimo cha hospitali. Kipimo ni kwa mtaalamu wa macho. Hii ni ishara tu, kama hizi zifuatazo:

– Anafinya macho kila akitazama mbali. Mchoraji hufinya kwa makusudi, huyu hufinya bila kujua.
– Anasogea karibu na ubao au televisheni.
– Ananakili kwa jirani badala ya ubaoni.
– Anapita watu wa mtaani bila kuwasalimu, ikasemwa ana kiburi.
– Kichwa humuuma akisoma.

Ukiona mojawapo, mwambie mzazi au mwalimu, na aende akapimwe macho. Usingoje. Na kama kuona kumepungua ghafla, au jicho linauma na limekuwa jekundu, nenda siku hiyo hiyo.

Yako maneno mengi ya mtaani. Ati miwani huzidisha ubovu wa macho. Si kweli. Ati miwani ni ya wazee. Si kweli. Moja lililo kweli ni hili: tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje mchana kwa muda mrefu zaidi hawapati haraka tatizo la kutoona mbali. Kwa hiyo simu iweke chini, toka, kacheze mpira. Hata viwanja hapa Tibirinzi vipo.

Na wewe uliye mrefu, uliyekaa nyuma tangu darasa la kwanza, unayeamini kichwa chako ni kizito: usiliamini neno hilo kabla hujapimwa macho. Mimi niliwahi kuliamini, na leo ni mwalimu.

Haya, nani ana kisu? Lile chungwa la mbele, kabla hatujalimenya, nataka wa mstari wa nyuma wote wanyanyue karatasi zao juu. Nije niwaone mmoja mmoja.